Grease 2: Jaketi la Kuazima

Ndani ya filamu ya Grease 2 kuna kijana anayelipwa kuwaandikia wenzake insha. Anaitwa Michael Carrington, mgeni kutoka Uingereza, shati limechomekewa vizuri na vitabu viko kwapani. T-Birds, wale watukutu wa shule wenye majaketi meusi ya ngozi na vichwa vizito darasani, wanampa hela awafanyie kazi zao. Hela hizo anazidunduliza, ananunua pikipiki, kisha anajifua kuiendesha mpaka anaweza kuirusha hewani. Taabu yote hiyo ni kwa ajili ya Stephanie Zinone, binti anayefanya kazi sheli, ambaye amemwambia waziwazi kwamba mvulana wa vitabu hamtaki.

Nimeanzia hapo makusudi. Ukiuliza kwa nini filamu hii ilibuma mwaka 1982, jibu la kwanza utakalopewa ni kwamba hadithi yake ni mbovu. Si kweli. Hadithi hiyo ukisimuliwa barazani utasikiliza mpaka mwisho. Hata naiona bora kidogo kuliko ya Grease yenyewe, ile filamu ya kwanza, ambamo Sandy mpole ndiye anayelazimika kuvaa suruali nyeusi ya kubana ili ampate Danny. Safari hii mvulana ndiye anayejigeuza na msichana ndiye mwenye masharti. Kwa hiyo ubovu tuutafute kwingine.

Kwanza tuweke hesabu mezani. Grease ilizaliwa jukwaani Chicago mwaka 1971, kazi ya Jim Jacobs na Warren Casey, na mwaka uliofuata ikahamia Broadway, New York. Ilipofika kwenye sinema tarehe 16 Juni 1978, ilikuwa imeshachezwa mbele ya watazamaji kwa miaka saba. Mzaha usiochekesha ulishajulikana, na mahali watu wanapochoka palishajulikana pia. Filamu iligharimu kama dola milioni 6 na ikaingiza zaidi ya milioni 150 Marekani pekee, ikaongoza mauzo ya tiketi za mwaka ule. Albamu yake ilikaa namba moja kwa wiki 12 huko Marekani. Uingereza, "You're the One That I Want" ulikalia namba moja wiki tisa, halafu "Summer Nights" ukaja kuikalia wiki saba nyingine.

Watayarishaji Robert Stigwood na Allan Carr, pamoja na studio ya Paramount, hawakuona sababu ya kumwacha ng'ombe huyo bila kumkamua. Mpango wao haukuwa sehemu ya pili tu. Walitaka filamu nne na kipindi cha televisheni juu yake. Sehemu ya pili ikatoka tarehe 11 Juni 1982, miaka minne kasoro siku tano baada ya ile ya kwanza. Iligharimu zaidi ya dola milioni 11, na tiketi za Marekani zikaleta kama milioni 15. Kwa anayesoma juu juu hiyo ni faida, lakini wenye kumbi za sinema nao wana mgawo katika kila tiketi, na matangazo yana gharama zake. Filamu ya tatu na ya nne zikafia tumboni.

Utetezi unaosikika sana ni kwamba ilikutana na E.T., filamu ya Spielberg kuhusu kiumbe kutoka anga za mbali. Ni kweli zilitoka siku moja. Wikiendi ile ya kwanza kiumbe wa Spielberg alivuna kama dola milioni 11.8, Grease 2 ikaambulia 4.7. Na soko lilikuwa limejaa kweli: Rocky III ilikuwa kumbini tangu Mei, Poltergeist ilikuwa na wiki moja tu, na Star Trek II, ya Paramount hiyohiyo, nayo wiki moja. Lakini hizo nazo zilisukumana katika msongamano uleule, na zikapata watu wao. Isitoshe, filamu ya muziki ina hesabu yake. Mtu huirudia mara ya pili na ya tatu kwa sababu ya nyimbo, kama anavyorudia kanda anayoipenda. Grease ya kwanza iliishi kwa warudiaji hao. Wikiendi mbaya inasameheka. Kilichoiua Grease 2 ni wale walioiona mara moja, wakaridhika.

Utetezi wa pili una uzito zaidi: John Travolta na Olivia Newton-John, walioigiza Danny na Sandy, hawakurudi. Kwa nyota kama wale, pengo lazima lionekane. Hata hivyo kisa cha shule kina ruhusa ya kuzaliwa ambayo visa vingine havina. Kila mwaka darasa moja linaondoka na jingine linaingia, na hakuna anayeuliza. Mwaka ni 1961 sasa, miaka miwili baada ya Danny na Sandy kumaliza shule yao ya Rydell. Vijana wapya, mioyo mipya, walimu walewale. Wazo hilo halina kasoro.

Kasoro ni vitu walivyochagua kuvibeba. Mkuu wa shule McGee amerudi, ni Eve Arden yuleyule. Katibu wake Blanche amerudi, kocha Calhoun amerudi, Eugene mwenye miwani amerudi. Frenchy, yule msichana aliyeshindwa chuo cha urembo, amerudi. Adui wa zamani mwenye uso wa mashimo naye amerudi, ila genge lake sasa lina jina jingine na linapanda pikipiki. Majaketi ya T-Birds yapo, ya Pink Ladies, lile kundi la wasichana, yapo. Na ili mtazamaji asipotee njia kabisa, Michael ametangazwa kuwa binamu yake Sandy, undugu ambao hausaidii chochote katika hadithi nzima. Ungeweza kumwita mtoto wa jirani na filamu isingetetereka. Wahenga walishasema kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako, na hapa nguo ya kuazima ni ya ngozi, ina maandishi mgongoni.

Sisi tuliokua na filamu za Bongo za diski mbili tunaijua njaa ya sehemu ya pili. Sehemu ya kwanza inakatika sumu ikiwa tayari glasini, na lazima utafute hela ya diski nyingine. Grease haikumwachia mtu njaa ya aina hiyo. Mwisho wake gari linapaa mawinguni na wapenzi ndani yake, wanapunga mikono. Hakuna deni la hadithi lililobaki. Kilichobaki kwa mtazamaji kilikuwa hamu ya kuionja tena ile hali, na hali hiyo ilitokana na nyimbo, na zaidi ya nyimbo, na namna watu wawili walivyokuwa wakiimbiana.

Kazi ya kuongoza alipewa Patricia Birch. Mama huyu aliipanga minenguo ya Grease tangu Broadway, akaipanga tena ya filamu ya kwanza, na sasa kwa mara ya kwanza alikuwa anaongoza filamu. Aliingia kazini skripti ikiwa haijakamilika na nyimbo zikiwa hazijatungwa zote. Sitamtupia lawama, kwa sababu kila mahali ambapo kazi yake ya asili inahitajika, filamu inapumua. Tazama ufunguzi. Kengele ya muhula mpya, kundi la Four Tops linaimba, na ngazi za mbele ya shule zinajaa watu kidogo kidogo mpaka hazionekani. Huyu anarusha daftari, yule anachana nywele, T-Birds wanaingia na pikipiki zao kwa madaha, na kila kundi linacheza kwa namna yake bila kugongana na la jirani. Mwenye jicho la kutazama ngoma ataona kwamba aliyewapanga watu wale anajua anachofanya.

Au tazama usiku wa boling, ule mchezo wa kubingirisha mpira mzito kuangusha vigingi. Pink Ladies upande huu, T-Birds upande ule, nao wanaimba "Score Tonight" huku wanacheza na mipira ileile mikononi. Mipira hiyo ina uzito wa kuvunja kidole cha mguu. Viatu ni vya kukodi. Wanainama, wanateleza, wanazunguka, na wimbo wenyewe ni matani matupu ya vijana kuhusu nani atampata nani usiku huo. Usiku huohuo Stephanie, aliyechoshwa na Johnny, kiongozi wa T-Birds aliyekuwa mpenzi wake, anasema atambusu mwanamume yeyote atakayeingia mlangoni. Anaingia Michael na mashavu yake mekundu. Anapigwa busu la nguvu, mwenzake anaendelea na mchezo, yeye anabaki amesimama kama mtu aliyepokea telegramu.

Mpaka hapo filamu iko hai. Halafu inafanya kosa ambalo, kwa maoni yangu, ndilo mama wa makosa yote: inawanyima wapenzi wake kuimba pamoja.

Kumbuka "Summer Nights" ulivyofanya kazi. Filamu bado changa, Danny na Sandy hata hawajaonana shuleni. Danny anawasimulia wavulana upande mmoja, Sandy anawasimulia wasichana upande mwingine, kila mmoja na uongo au haya yake, na sauti zinakutana mwishoni ingawa waimbaji wako mbali. Kwa dakika chache hizo mtazamaji amejua kila kitu: hawa wanapendana, na mmoja ana sura mbili. Kuanzia hapo hata wakikaa nusu saa bila kusemeshana, tunawadai. Tunataka sauti zile zikutane tena, na zinakutana mwisho kabisa, kwenye uwanja wa maonyesho. Filamu nzima imetundikwa kwenye misumari hiyo miwili.

Grease 2 haina msumari wa kwanza. Stephanie anaimba peke yake. Michael anaimba peke yake, tena kwa kuchelewa, wimbo wa huzuni unaoitwa "Charades" kuhusu mtu aliyechoka kujifanya. Shule nzima inaimba "Who's That Guy?" kumhusu yeye, naye yuko juu ya pikipiki kimya. Sauti za wawili hawa zinakutana mara ya kwanza kwenye onyesho la vipaji, wakati Stephanie anaamini Michael ameshakufa. Ndiyo, amekufa. Amekimbizwa na T-Birds mpaka kwenye eneo la ujenzi, ameruka na pikipiki, hakuonekana tena. Stephanie amesimama jukwaani, anazama kwenye njozi, na mle ndani ya njozi, penye ukungu na weupe mwingi, ndipo wapenzi wanapoimbiana kwa mara ya kwanza.

Kwenye kibanda cha video chochote kile, hata mtoto wa chekechea angekuambia steringi hafi. Kwa hiyo hatulii. Na hatuna kumbukumbu ya kulilia, kwa kuwa hatujawahi kuwasikia wakiimba wakiwa hai. Wimbo wenyewe, "(Love Will) Turn Back the Hands of Time", si mbaya. Umewekwa tu mahali ambapo ungehitaji kuwa marudio, nao ndio kwanza unaanza.

Juu ya hilo wakaongeza jingine la ajabu. Maxwell Caulfield, aliyeigiza Michael, ni kijana mwenye sura ya kubandikwa ukutani. Alichaguliwa kwa sura hiyo. Kisha kila anapokuwa mtu wa kutamaniwa, anafunikwa kofia ngumu na miwani mikubwa ya vumbi. Sura tunaiona pale anapokuwa mnyonge, anapomsaidia Stephanie insha ya Kiingereza. Kujificha ni fundisho la zamani katika hadithi za mapenzi na huwa kunanoga, lakini jukwaani mwenye kujificha hupewa sauti kubwa ili tumjue kwa sauti. Huyu akinyimwa uso ananyimwa na wimbo. Inabaki injini.

Kuna atakayesema ubovu ni wa nyimbo zenyewe, kwamba za kwanza zilikomaa jukwaani na hizi ziliokwa haraka, kila mtunzi na sufuria yake. Ningekubali haraka, isipokuwa kwa jambo moja. Nyimbo tatu kati ya zilizotamba sana kutoka Grease ya 1978 hazikutoka jukwaani. "You're the One That I Want" na "Hopelessly Devoted to You" zilitungwa mpya kwa ajili ya filamu na John Farrar, na wimbo wa ufunguzi ulitungwa na Barry Gibb ukaimbwa na Frankie Valli. Upya peke yake basi si dhambi. Ila Farrar alikuwa mtayarishaji wa muziki wa Newton-John, anaijua sauti ile kama fundi cherehani anavyomjua mteja wake wa miaka, na hadithi aliyokuwa anaishonea ilikuwa tayari imesimama. Alijua Sandy yuko wapi, ameumizwa na nini, na wimbo utatoka mdomoni mwake dakika gani. Watunzi wa 1982 walikuwa wanamshonea mtu ambaye bado hajapimwa.

Palipo na vipimo, matokeo yalionekana palepale. "Cool Rider" uliandikwa na Dennis Linde, aliyeandika "Burning Love" wa Elvis. Michelle Pfeiffer, aliyeigiza Stephanie, umri miaka 23 wakati wa kurekodi filamu, anamweleza Michael anamtaka mwanamume wa aina gani. Ananing'inia kwenye ngazi, anatikisa mabega, anaimba kwa sauti isiyo kubwa sana lakini yenye dharau na hamu kwa pamoja. Wimbo huo una kazi. Kabla yake Michael ni mwanafunzi wa kubeba vitabu, na ukiisha ana orodha ya masharti na safari ya kwenda kutafuta pikipiki. Ukiutoa, filamu haina sababu ya kuendelea. Jaribu kufanya hivyo kwa "Reproduction", darasa la biolojia ambamo mwalimu, anayeigizwa na Tab Hunter, anaulizwa maswali ya chavua na mbelewele na wanafunzi wanaomaanisha mengine kabisa. Inachekesha, mimi nilicheka. Ukiitoa, hakuna kitu kinachoanguka. Vivyo hivyo "Do It for Our Country", ambamo Louis, mmoja wa T-Birds, anamdanganya msichana wake kwamba mabomu ya nyuklia yanadondoka ili akubali kulala naye ndani ya handaki. Mzaha wa enzi zake huo, na leo unakera zaidi ya kuchekesha. Ni vichekesho vya jukwaani vilivyokosa mchezo wa kuwa ndani yake.

Nikataka nijipime, nisije nikaanzisha sheria kwa filamu moja. Nikaenda kwa High School Musical 2, nayo sehemu ya pili ya filamu ya muziki ya vijana wa shule. Ile ya kwanza ilirushwa na Disney Channel tarehe 20 Januari 2006, ikapata watazamaji milioni 7.7 usiku huo. Mwendelezo ukarushwa tarehe 17 Agosti 2007 na kutazamwa na watu milioni 17.2, idadi ambayo televisheni za kulipia za Marekani hazikuwa zimewahi kuifikia kwa kipindi kimoja. Nyimbo zake nazo ni za watunzi wengi, na zilitengenezwa kwa miezi, hakuna jukwaa lililozichuja. Faida walizokuwa nazo ni kubwa: mwongozaji Kenny Ortega yuleyule, waigizaji walewale, na mtoto hahitaji hela ya tiketi, anawasha televisheni tu. Bado kuna somo la ufundi mle. Mapema kabisa, wapenzi Troy na Gabriella wanaimba "You Are the Music in Me" pembeni ya kinanda, taratibu, wenzao wamewazunguka. Baadaye Sharpay, binti anayemtaka Troy, anaupora wimbo uleule, anaupiga mbio, anaujaza mbwembwe na kumburuta Troy jukwaani aimbe naye. Mtoto wa miaka tisa anaelewa bila kuambiwa kwamba kuna kitu kimeibwa, kwa sababu alikiona kikiwa mikononi mwa mwenyewe. Na wapenzi wanapoachana, wanaachana kwa wimbo, wote wawili wakiwa hai. Kwa hadithi, naapa, Grease 2 inaishinda. Kile cha Disney ni kisa cha kazi za likizo kwenye klabu ya gofu.

Waliobaki na kovu walikuwa waigizaji, na kovu halikugawanywa sawa. Pfeiffer mwaka uliofuata alikuwa kwenye Scarface, na baada ya hapo hakuna aliyemkumbusha mambo ya Rydell ila kwa utani. Caulfield alikwenda kwenye televisheni, akaonekana katika The Colbys, lakini zile ahadi za kuwa Travolta mpya zilikuwa zimeyeyuka. Filamu yenyewe ikapata maisha ya pili kwa kanda za video, kwa wasichana walioiona nyumbani wakampenda Stephanie kuliko walivyowahi kumpenda Sandy. Mwaka 2014 wapenzi wake walijaza ukumbi London kuitazama ikichezwa jukwaani kwa jina la Cool Rider. Walichukua jina la wimbo ule mmoja. Paramount nao hawakuyatundika majaketi: mwaka 2023 walitoa mfululizo wa televisheni kuhusu Pink Ladies walioitangulia Grease, ukaishia msimu mmoja.

Kuna mtu mmoja bado namuwaza kila ninapoitazama. Frenchy. Mwanzoni mwigizaji wake, Didi Conn, anaingia na sauti yake ileile ya kinanda kidogo, anasema amerudi shule amalizie cheti, anahitaji kemia ili aweze kutengeneza vipodozi vyake mwenyewe. Ni mpango wa maana, tena ndio mpango pekee wa maisha unaotajwa na mtu yeyote mle ndani. Unajiandaa kumfuata. Halafu nusu ya pili ya filamu inaanza na yeye hayupo. Siku ya mwisho wanafunzi wanaimba nyasini, Michael anavishwa jaketi lake la T-Birds, kila mtu anashikana na wake, na hakuna hata mmoja anayeuliza Frenchy kaenda wapi.